Dakika ya Tatu

Mashuka ya wodi ya wazazi yana uzi mwekundu pindoni, ya wodi ya wanaume yana uzi wa bluu, na ya chumba cha upasuaji yana uzi wa kijani ambao, kwa kuchemshwa kila siku ya Mungu, umebaki na rangi isiyojulikana jina. Msumari aliyachambua bila kuyatazama, kidole gumba kikipita pindoni tu. Miaka tisa katika chumba cha kufulia cha hospitali ilikuwa imemfundisha sheria moja ambayo hata msimamizi hakuthubutu kuivunja: nguo yenye uzi ni ya watu, na ya watu hurudi kwa wenyewe. Shuka la wazazi likionekana kwa wanaume, mtu anakatwa mshahara.

Alikuwa amesimama tangu saa kumi na moja na nusu alfajiri, miguu ndani ya buti za mpira, sakafu imejaa maji. Shuka kavu si mzigo. Yakilowa kumi, ni mtu mzima wa kubebwa. Yeye aliyabeba ishirini ishirini kutoka mashine ya kufulia hadi ya kukamulia, na wenzake walimtania kwamba hana haja ya kwenda mazoezini. "Wewe jimu yako ni hii, bibi," walisema, "na unalipwa juu yake." Walisema kwa mapenzi, lakini walikosea. Mashuka hujenga mgongo na mabega. Pumzi hayajengi.

Na pumzi ndiyo iliyokuwa ikimtia hofu wiki nzima.

Jina la Msumari lilitoka ulingoni, miaka kumi na minne nyuma, alipoingia ngumi za kulipwa. Mtangazaji mmoja mwenye maneno mengi alisema mkono wa kulia wa mwanamke huyu ukiingia hautoki mpaka uung'oe kwa koleo, na jina likakaa. Sasa alikuwa na miaka thelathini na minane. Mapambano thelathini na moja, ameshinda kumi na tisa, na la mwisho lilikuwa mwaka juzi. Hakuna aliyempigia simu tangu hapo, mpaka ilipokuja barua ya chama cha ngumi za ridhaa: timu ya taifa ya wanawake iko kambini, wanatafutwa mabondia wazoefu wa kulipwa, atachukuliwa mmoja wa kupigana na mabinti mazoezini na kumsaidia kocha. Mkataba wa mwaka. Mshahara, kitanda, milo mitatu. Sharti ni moja: aje azichape raundi tatu na binti mmoja wa kambini, waone kama bado yumo.

Barua ile ilimkuta pabaya, au pazuri, inategemea unasimama wapi. Kwenye ubao wa chumba cha kufulia kulikuwa na tangazo kwamba mwisho wa mwezi kazi ya kufua inakwenda kwa kampuni ya nje. Wanawake kumi na wanane watabaki sita. Majina hayakuandikwa, na kila mtu alikuwa akijipendekeza kwa msimamizi kiasi cha kutia kinyaa.

Kwa hiyo alijiandaa, kadiri ya uwezo wake. Nauli ilipopanda mara ya pili mwaka ule, alikuwa ameshapunguza siku za mazoezi kutoka tano hadi mbili, na mayai yalishaondoka mezani zamani, bila kuaga. Watu hudhani pumzi ni ukaidi wa moyo tu. Pumzi ni chakula, ni usingizi wa saa nane, ni asubuhi ya kukimbia bila kuwaza zamu. Pumzi hununuliwa. Uzoefu ndio wa bure, kwa sababu unapewa kwa kupigwa.

Mama yake, aliyeishi naye katika vyumba viwili, hakuwahi kumwona akipigana hata siku moja. "Mimi nilikuzaa kwa uchungu," alikuwa akisema, "siwezi kulipa kiingilio nikaangalie watu wakiniongezea mwingine." Lakini asubuhi ile, akimsukumia kikombe cha chai gizani, aliuliza, "Hiyo kazi ni ya serikali?"

"Ya chama, mama."

"Mkataba wake una muhuri?"

"Una muhuri."

"Basi nenda kapigwe."

Saa tano Msumari alivua buti. Msimamizi alikuwa mlangoni na daftari lake, mtu mwembamba anayependa utani wake mwenyewe.

"Unakwenda wapi na wazazi hawajaisha?"

"Nilikuomba ruhusa juzi, bosi. Ukasema saa tano."

"Mimi ruhusa nimetoa," msimamizi alisema. "Mashuka ndiyo hayajatoa."

Akarudi akavaa buti. Aliyamaliza mashuka ya wazazi saa sita na robo, mikono imekunjamana kwa maji, na akaenda ukumbini kwa miguu, kwa mwendo wa karibu kukimbia, kwa sababu foleni ya magari ilikuwa haisogei. Alijiambia hiyo nayo ni mazoezi. Alipofika, mapaja yalikuwa yakimtetemeka kidogo, na alikaa kwenye benchi la nje ili asionekane.

Katibu wa chama alikuwa mzee wa tai, mwenye ofisi ndogo iliyojaa vikombe vya ushindi wa watu wengine. Aliichukua barua ya daktari ya kuthibitisha afya ya Msumari, akaigeuza, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha kama noti bandia.

"Muhuri haujakolea."

"Ndivyo walivyoupiga, mzee."

"Nasema haujakolea. Kaa hapo nje, nitaona la kufanya."

La kufanya lilichukua saa nzima. Alipotoka, alisema muhuri unaweza kupita kwa leo, na akasoma masharti kwa sauti ya mtu anayesoma bei: kofia ya kinga, glovu za wakia kumi na mbili, raundi tatu, dakika tatu tatu.

Msumari aliitikia kwa kichwa. Dakika tatu alizisikia. Katika ngumi za kulipwa wanawake hupigana dakika mbili kila raundi, na hata alipokuwa binti wa ridhaa, enzi hizo, zilikuwa mbili. Hawa wa siku hizi wanakwenda tatu kama wanaume. Alilijua hilo. Kujua ni kazi ya kichwa.

Binti wa kupigana naye alikuja mwenyewe benchini, amevaa traksuti ya kijivu ya kambi, nywele amezisuka chini chini. Alipiga goti kidogo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Wewe ndiye?"

"Ndiye mimi. Huku wananiita Mapafu." Akacheka kwa aibu. "Nilikuona ukipigana nikiwa darasa la nne. Baba alinibeba mabegani. Ulimwangusha yule mama mrefu wa kaptula ya njano, nikalia."

"Ulilia kwa nini?"

"Nilimhurumia. Baba akasema mimi sitaweza ngumi."

Msumari naye akacheka. Akamuuliza kwa nini Mapafu, na binti akasema ni kwa sababu ya kukimbia, kilomita kumi na mbili kila asubuhi, hachoki. "Wanasema akili ya ulingoni sina, nina mapafu tu. Lakini kocha anasema akili itakuja. Mimi nafurahi tu kuwa hapa. Nyumbani tunalala saba chumba kimoja. Huku nina kitanda peke yangu, dada! Wiki ya kwanza sikupata usingizi. Nimezoea miguu ya watu."

Kama angejua wakati ule alichokuja kukijua saa mbili baadaye, Msumari angeinuka pale benchini na kurudi kwenye mashuka yake. Au pengine asingeinuka. Hilo ndilo swali lililomtafuna baadaye, na bora lisijibiwe haraka.

Saa tisa waliingia ulingoni. Meza iliwekwa pembeni: katibu na karatasi zake, kocha, na mjumbe mmoja aliyekuwa akisoma simu. Mabinti wengine wa kambi walikaa sakafuni wakiegemea ukuta.

Kengele ililia, na dakika ya kwanza ilikuwa ya Msumari. Hata mwenye chuki naye asingebisha. Mapafu alikuja na ngumi nyingi za kushoto, za haraka, zilizofundishwa vizuri, na Msumari alizijua zote kabla hazijaondoka begani. Hakuwa na papara. Alisogea nusu hatua tu, ile nusu hatua ambayo hakuna kocha anayeweza kuifundisha, na ngumi ikapita kando ya sikio. Alitikisa bega la kulia, binti akafunika uso, naye akamtia ya kushoto mbavuni. Akamkumbatia, akamlalia kwa uzito wake wote, akamgeuza, na binti akajikuta ameegemea kamba bila kujua amefikaje huko.

"Ng'ombe hazeeki maini," kocha alimwambia katibu, na wakacheka.

Msumari alikisikia kicheko hicho na kikamwingia kama uji wa moto tumboni. Bado yumo. Miguu iliacha kutetemeka. Dakika ya pili aliicheza kwa raha, akimpa binti nafasi za uongo na kumwadhibu akizifuata, na ilipokaribia mwisho, mwili wenyewe ukamwambia: sasa. Kila bondia mzee anajua kwamba majaji hukumbuka namna raundi ilivyoisha. Sekunde ishirini za mwisho unafungua kabati na kutoa vyote. Alitoa. Kushoto, kulia, kushoto, kulia ya tumbo, nane, tisa, kumi, binti akiyumba nyuma ya glovu zake, na mabinti wa ukutani wakasimama. Kisha akashusha mikono, akageuka, akaelekea kwenye kona yake, mdomo tayari umefunguka kwa ajili ya maji.

Kengele haikulia.

"Mama, unakwenda wapi?" mtu mmoja aliuliza kutoka chini. "Basi halijafika!"

Ukumbi mzima ulicheka. Mazoea yana taabu. Kichwa kilikuwa kimeambiwa dakika tatu, mwili haukuambiwa na mtu. Mwili ulikuwa umeishi miaka kumi na minne katika dakika mbili, na ulikuwa umeshafunga duka. Aligeuka, mikono bado iko chini, uso umewaka kwa aibu, na Mapafu alikuwa amesimama hatua moja mbele yake. Angeweza kumpiga. Angempiga papo hapo na asingelaumiwa, kwa sababu mtu hageuzi mgongo ulingoni. Binti aligonganisha glovu zake polepole.

"Bado, dada," alisema. "Bado moja."

Dakika ya tatu Msumari hakuwahi kuishi ndani yake. Ilikuwa ndefu kuliko zile mbili zikiunganishwa. Alipovuta pumzi ilifika kooni ikarudi. Ile nusu hatua ilikuwepo bado, aliiona, aliitaka, miguu ikakataa kuitoa. Ngumi alizokuwa akizijua kabla hazijaondoka aliendelea kuzijua, moja baada ya nyingine, na zote zikamfika. Hilo ndilo linalouma kuliko kupigwa na usichokijua. Kofia ya kinga ililowa jasho, mabega yaliyobeba mashuka tangu alfajiri yakawa mazito, na binti aliendelea kuja, anapumua kwa pua, mdomo umefungwa, kana kwamba ndiyo kwanza ametoka nyumbani kwao.

Kwenye kona, akimwagiwa maji shingoni, Msumari alipiga hesabu ya raundi mbili zilizobaki. Dakika sita. Alijua kwa yakini, kama anavyojua rangi ya uzi, kwamba hatazimaliza. Ataanguka, si kwa ngumi, kwa uchovu tu, mbele ya meza. Na katibu ataandika.

Raundi ya pili haikuwa na sekunde arobaini alipomkumbatia binti kwa mara ya tano, kidevu begani kwake, na akafanya jambo ambalo katika mapambano thelathini na moja, pamoja na yale kumi na mawili aliyopigwa, hakuwahi kulifanya.

"Mdogo wangu," alinong'ona. "Nipunguzie."

Mwili wa binti ulitulia ghafla.

"Nipunguzie, nakuomba. Kazini tunafukuzwa. Nina mama nyumbani."

Mama yake hakuwa mgonjwa wala asiyejiweza. Alikuwa mzima wa afya na mwenye mdomo. Lakini mtu anayezama hushika chochote, na Msumari alimshika mama yake.

"Shika hapa, dada," Mapafu alisema chini chini. "Nilalie. Pumua."

Kuanzia hapo ngumi za binti zilikuja na sauti bila uzito. Ziligonga kofia, zikagonga glovu, zikapasua hewa, na kwa mtu wa mezani zilikuwa ngumi kweli. Alimwacha akumbatie muda mrefu. Alimwacha aegemee kamba. Mara mbili alijifanya kuteleza. Alikuwa akimbeba, kama mtu anavyombeba mlevi wa familia ili majirani wasijue, na Msumari alibebwa, akihesabu pumzi zake, akiona haya hadi nyayoni, na huku akishukuru. Aibu na shukrani zikikaa moyo mmoja hazielewani.

Raundi ya tatu pumzi yake ilirudi kidogo, kwa sababu alikuwa amepewa. Walicheza hivyo dakika moja, walicheza ya pili. Na karibu na mwisho wa dakika ya pili, saa ile ya mwilini ikapiga tena: sekunde ishirini, majaji, fungua kabati. Binti alikuwa ameshusha mkono wa kushoto ili kumpa bega la kuegemea. Kidevu chake kilikuwa wazi.

Mkono wa kulia wa Msumari ulikwenda.

Ulikwenda vizuri, kutoka kwenye kisigino, kiuno kikigeuka, kama siku ile ya mama mrefu wa kaptula ya njano. Ulimpata Mapafu puani na kidevuni kwa pamoja, na binti akakaa chini, matako sakafuni, miguu imenyooka mbele. Damu ilimtiririka hadi mdomoni. Hakukasirika. Alimwangalia Msumari kama mtoto aliyepigwa kofi na mtu aliyekuwa anamlisha.

Mkono ulikwenda wenyewe, Msumari alijiambia. Lakini mkono hauendi wenyewe, na yeye anajua hivyo kuliko mtu yeyote.

Mapafu alisimama, wakamaliza dakika iliyobaki wakigusana tu, na kengele ikalia kweli. Hawakuwa hata wameteremka ulingoni. Katibu alisimama na karatasi yake.

"Bondia mzoefu amepita," alisema. "Uzoefu umeonekana, hasa mwishoni. Karibu kambini, mama." Akageuza karatasi. "Wewe binti utarudisha vifaa leo hii."

Hata mjumbe aliacha simu yake.

"Kambi ina vitanda kumi na viwili," katibu aliendelea, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo la kawaida. "Bajeti ya kitanda cha kumi na tatu tuliomba, haikupita. Anayeingia anahitaji kitanda, kwa hiyo lazima atoke mtu. Tulisema kipimo kitaamua. Bondia wa miaka ishirini ameshindwa kummaliza mtu wa karibu arobaini, tena ameangushwa. Tutampeleka wapi huyo?"

"Katibu, huyu pumzi anazo," kocha alisema, bila nguvu. "Tungemwangalia tena."

"Wewe mwenyewe umecheka, umesema ng'ombe hazeeki maini. Nimeandika."

Kocha akatazama viatu vyake. Wote walikuwa wakimtazama Msumari sasa, na ilikuwa nafasi yake. Ilitosha aseme: alinibeba, nilimwomba. Maneno mawili. Kinga ya meno ilikuwa bado mdomoni mwake. Kuitoa ni kazi ya kidole kimoja. Hakuitoa. Alisimama pale akipumua kupitia ile plastiki, mdomo umejaa, kama mtu asiyeweza kusema, mpaka katibu akakusanya karatasi zake na meza ikaondolewa.

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa na benchi moja na bomba linalovuja. Mapafu alikuwa ameziba pua kwa pamba, anakunja traksuti yake ya kijivu, mkono juu ya mkono, mguu juu ya mguu, kwa uangalifu.

"Nitakwenda kuwaambia," Msumari alisema.

"Utawaambia nini, dada?"

"Kwamba nilikuomba. Kwamba ulikuwa unanimaliza."

"Halafu waseme tulipanga mchezo?" Sauti ya binti ilikuwa nzito kwa sababu ya pamba. "Kupanga ni kufungiwa miaka miwili. Bora niitwe mbovu. Mbovu anaweza kujaribu tena mwakani."

"Sikujua ni kitanda chako. Haki ya Mungu sikujua."

"Hata mimi sikujua. Hawakuniambia." Aliipiga traksuti viganja kuiweka sawa. "Usilie, dada. Mama yako atafurahi."

Msumari hakuwa amejua kwamba analia. Alitaka kusema juu ya ile ngumi ya mwisho.

"Ile ya kulia ilikuwa nzuri," Mapafu alisema, akimwokoa tena. "Sikuiona kabisa."

Ofisini, katibu alimpa fomu ya kurasa mbili. Alijaza jina, umri, uzito, ndugu wa karibu. Mwisho kabisa, juu ya mstari wa sahihi, palikuwa na kisanduku kilichoandikwa *Maoni ya mhusika*. Alikaa na kalamu juu yake. Kisha, kwa mwandiko wa polepole wa mtu anayeandika mara mbili kwa mwaka, akaandika: *Nilichoka dakika ya pili. Yule binti ana pumzi na ana moyo. Msimwache.* Hakuandika lolote la kumfungia mtu.

Katibu aliivuta fomu, akafungua kidau cha wino, akachovya muhuri vizuri, na akaugandamiza palepale, juu ya maneno.

"Mzee, hapo nimeandika."

"Hapo huwa panaachwa wazi, mama. Ndipo muhuri unapokaa." Akapuliza wino ukauke. "Umeona? Huu umekolea."

Mtunza stoo alimpa traksuti moja ya kijivu, akamsainisha hapa, na hapa. Ilikuwa imekunjwa mkono juu ya mkono, mguu juu ya mguu. Ilikuwa na joto bado.

Alifika nyumbani jua likiwa halijazama. Mama yake alikuwa kibarazani na beseni, na alimwona usoni kabla hajafika mlangoni.

"Wamekupiga."

"Wamenichukua, mama."

Mama alisimama, akafuta mikono, akaomba karatasi. Kusoma hakujua sana, ila muhuri aliujua. Aliugusa kwa ncha ya kidole, taratibu, akauzungusha kidole pembeni yake. Miaka kumi na minne Msumari alikuwa akisubiri uso ule, na sasa ulikuwa mbele yake, umefunguka wote, na hakuweza kuutazama.

"Na sare wamekupa!" Mama alikuwa ameshaichukua traksuti, ameipeperusha, anaipima kwa macho. "Fupi miguuni, lakini tutashusha pindo. Ina jasho hii, si mpya. Lete niifue sasa hivi, kesho uivae." Akageuza kola nje. "Hiki nini?"

Ndani ya kola, kwa mishono midogo isiyo ya fundi, palikuwa na uzi mwekundu, urefu wa ukucha. Traksuti zote za kambi zinafanana. Mtu aliyelala saba chumba kimoja anajua namna vitu vinavyopotea. Alikuwa ametia alama.

"Nani kauweka?" mama aliuliza. Alikuwa ameshaushika uzi kwa kucha mbili. "Ngoja niutoe."

"Uache, mama."

"Unachafua nguo, mwanangu."

"Uache," Msumari alisema, na akaichukua traksuti mikononi mwake, akaitia mwenyewe kwenye beseni. "Hiyo ni ya mtu."